Mleta Mbegu na Arusi ya Bintiye

Mtu anayekosekana mambo yanapoamuliwa hukosa pia fungu lake, hata kama fungu hilo ni haki yake. Hayo Mleta Mbegu aliyajua kwa ulimi tu, mpaka yalipomfika.

Kazi yake ilikuwa kuzunguka nchi za mbali kuitafutia mbegu bustani ya miti, mahali ambapo wanafunzi walikuja kuisoma miti na wageni kuistarehea. Safari moja ilimchukua mwaka mzima. Kila alipojilaza hemani, sura ya bintiye ilimjia. Aliandika barua akiapa kwamba safari ile ndiyo ya mwisho. Kisha akasikia habari za mti adimu ng'ambo ya mlima, na miguu ikamwasha.

Siku moja barua ya mkewe ilimfikia, imechakaa kwa kumfuata huku na huko miezi minne: binti amechumbiwa. Alifungasha virago saa ileile. Njia nzima alijipangia maneno atakayomwambia mkwewe, akitabasamu peke yake hata abiria wakamwogopa.

Alimkuta binti mezani akipanga kadi za mwaliko. Akachukua moja, akaisoma, macho yakamganda. Mahali pa mzazi pameandikwa jina la mjomba wa binti, kaka ya mkewe.

"Mngenisubiri, mwanangu."

"Tulikusubiri, baba," binti alijibu taratibu, bila hasira. "Mama alikuwekea sahani mezani hadi nilipomaliza shule. Posa ilipokuja, mjomba ndiye aliyekuwapo. Siwezi kumwondoa leo."

Mleta Mbegu aliirudisha kadi mezani. Mjomba alipoingia, alimkaribisha Mleta Mbegu kiti, akamuuliza kwa heshima kama chai yake hutiwa sukari. Mgeni huulizwa hivyo.

Arusi ilifanyika katika bustani ileile. Binti alipita ameshikwa mkono na mjomba wake, anang'aa kama mbalamwezi, na baba akamtazama kutoka benchi la nne, mikono imelala mapajani haina kazi. Mama mmoja aliyeketi kando yake alimuuliza ana undugu gani na bibi arusi.

"Mimi ndiye niliyeileta miti hii," akasema.

Kweli, asiyekuwapo na lake halipo.