Zege Halilali, Mgongo Hulala

"Zege halilali, mgongo hulala." Mmeisikia asubuhi hii, fundi alipomzuia Gwamaka asijitwishe mfuko wa pili wa saruji, nanyi mkacheka mkidhani ni maneno ya kuwatetea wavivu. Nusu ya kwanza mnaijua, maana nchi nzima inaijua: zege likishachanganywa halingoji kesho. Nusu ya pili ilizaliwa hapa kwetu Rungwe. Kaeni basi, chakula bado hakijaiva. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na mbeba zege aliyeitwa Ambakisye. Hakuwa mrefu, ila alikuwa na mabega mapana na shingo nene, na tangu ujana wake alibeba mifuko miwili kwa mkupuo pale wenzake walipohema na mmoja. Watu wakampa jina la Winchi, ile mashine ya kupandishia zege ghorofani. Mafundi wakawa wanatania kwamba aliye na Ambakisye hana haja ya kukodi winchi. Jina lilimkaa vizuri. Akisalimiwa nalo sokoni, alitembea hatua mbili tatu kifua mbele kabla ya kukumbuka alichotumwa.

Mgongo ulianza kumsumbua polepole. Mwanzoni ilikuwa asubuhi tu, akiinuka kitandani. Akishapata joto la kazi, maumivu yalipotea. Baadaye yakawa hayapotei. Akikohoa, alitafuta ukuta wa kushika. Kufunga kamba za buti kukawa mtihani, akabuni mchezo na binti yake mdogo, kwamba baba ni askari na yeye ndiye anayemvisha. Mtoto alifurahi sana. Mkewe, Tusekile, hakufurahi.

"Baba Neema, unanuka dawa ya kuchua tangu Pasaka," alimwambia. "Nenda hospitali."

"Ni baridi tu ya Tukuyu hii."

"Baridi imeanza kukaa kiunoni?"

Akavaa koti akatoka. Si kwamba alimdharau mkewe. Aliogopa. Aliwaza: daktari akisema niache kubeba, mimi nitakuwa nani? Mikono yake haikujua kazi nyingine, na jina lake lenyewe lilikuwa la kubeba.

Basi mwaka huo kijiji kilikuwa kinajenga wodi ya wazazi. Wanawake wa huko walikuwa wakijifungulia njiani kwenye matope, wakipelekwa mbali, na kila mtu alikuwa na dada au shangazi wa kumtolea mfano. Kuta zilisimama, mbao na nguzo za mirunda za kulishikilia zege zikafungwa juu, siku ya kumwaga slabu, yaani paa bapa la zege, ikawadia. Msimamizi alikuwa Fundi Lwitiko, mtu mpole lakini mwenye wasiwasi. Aliwakusanya alfajiri akawaambia kwamba slabu ile ni lazima imalizike siku hiyo hiyo. Ikikatishwa katikati, pale itakapoungwa kesho maji yatapita, na chini yake watalala watoto wachanga. Kisha akatazama mawingu ya mvua juu ya mlima.

Kazi ikaanza. Mashine ikanguruma, kokoto na mchanga vikaingia, na Mama Sekela, mwanamke mtu mzima aliyesimamia maji, akawa anapima kwa ndoo. Wabebaji walijaza makarai, wakayapandisha mabegani kwenye ngazi ya mbao, wakamwaga, wakashuka. Ambakisye alitangulia. Alijaza karai lake mpaka likafurika, na kila alipowapita wenzake alipiga kelele, "Zege halilali!" nao wakaitikia.

Slabu ilikuwa imefika nusu na ushee alipojipinda kushika karai jingine, akalinyanyua, na kitu kiunoni kikakatika kama kamba. Karai lilianguka. Yeye hakuanguka. Alibaki ameinama vile vile, mikono magotini, uso umejaa jasho, hawezi kusimama wala kukaa.

Watu wakasimama. Mashine iliendelea kuzunguka.

"Niacheni kidogo," alisema kwa sauti ndogo. "Inapita. Nipeni karai."

Fundi Lwitiko alimtazama, akatazama slabu, akatazama mawingu. Hakuwa mtu mbaya, ila hofu ilimtangulia. "Winchi, jikaze ndugu yangu," alisema. "Unajua mwenyewe. Zege halilali."

Mama Sekela aliweka ndoo chini. Alikuja akasimama kati yao, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Zege halilali," alisema, "mgongo hulala. Mlazeni huyu."

"Mama, na slabu?"

"Slabu tutaimaliza sisi tulio wazima. Slabu ikiharibika, mtabomoa mjenge nyingine. Mgongo wake mtaubomoa mjenge kwa saruji gani?"

Wanaume wanne walimbeba Ambakisye taratibu, wakamlaza kwenye chumba cha stoo cha kando kilichokwisha kuezekwa, juu ya mifuko mitupu ya saruji, na kijana mmoja akatumwa kutafuta gari.

Fundi Lwitiko alikuna kichwa. Bila Ambakisye, kupanda na kushuka kusingetosha. Akaamuru ngazi iachwe. Aliwapanga watu kwenye jukwaa la mbao lililoegemea ukuta, mmoja chini, mwingine juu yake, hadi kwenye slabu, na makarai yakajazwa nusu tu, yakipita mkono kwa mkono. Aliyechoka upande mmoja aligeukia upande mwingine. Wanawake waliokuja kuleta chakula wakaingia kwenye mstari, mwalimu wa shule ya jirani naye akaingia na shati lake jeupe. Mtu mmoja akaanza wimbo wa kulimia, mwendo ukapatikana.

Ambakisye aliwasikia kutoka pale alipolala. Kwanza ilimuuma. Alikuwa amejiaminisha kwamba bila yeye slabu ile isingemwagwa, na sasa makarai yalikuwa yanapita juu kwa kasi kuliko alivyowahi kuyapitisha. Halafu, taratibu, kitu kingine kikaingia. Alikuwa kama mtu aliyeshikilia ukuta miaka mingi akidhani utaanguka, akauachia, na ukuta ukabaki umesimama. Akafumba macho. Tangu Pasaka hakuwa amelala mchana.

Gari lilipofika, slabu ilikuwa imekwisha na matone ya kwanza yalikuwa yanapiga turubai waliyoifunikia. Fundi Lwitiko aliingia chumbani, akakaa chini kando yake kwa shida, mguu mmoja umenyooka.

"Nisamehe," alisema. "Nilisema vibaya." Akapandisha suruali, akamwonyesha goti lililovimba. "Hili ni la kupiga magoti kwenye sakafu za watu. Mke wangu tu ndiye anajua."

Mlangoni mtu mwingine akasema bega lake linauma hata mkono haufiki kichwani. Mwashi akasema vidole vyake hufa ganzi usiku. Mwingine akataja kifundo cha mkono. Wakatazamana, na kicheko kikaanza polepole, hata Ambakisye akacheka huku ameshika kiuno. Kumbe kundi zima lilikuwa wodi, lilikosa vitanda tu.

Katika hospitali ya wilaya walimwambia kwamba misuli imechanika na pingili moja ya uti wa mgongo inabana mshipa. Mtaalamu wa viungo, dada mmoja mcheshi, alimlaza siku chache, kisha akamtembeza, kisha akamfundisha mazoezi ya kunyoosha mgongo. Alimfundisha pia kunyanyua kitu kwa kuchuchumaa, mzigo ukiwa karibu na kifua, pasipo kujipinda. Ambakisye alipouliza kama atabeba tena, dada yule alisema atabeba, ila si mifuko miwili, na si peke yake.

Alirudi kazini mavuno ya mahindi yalipokwisha. Buti alizifunga mwenyewe, na binti yake akalia kwa kunyimwa askari wake. Wenzake walikuwa wamezoea mstari. Mfuko ulibebwa na wawili, na watu walibadilishana kazi kabla ya kuchoka. Ambakisye alisimama mbele ya rundo la saruji kwa muda. Mkono ukamwasha. Akageuka akamwita Fundi Lwitiko, ambaye goti lake lilikuwa limepoa, "Kaka, njoo tushike huu." Wakachuchumaa pamoja, wakanyanyua, wakaenda.

Jina la Winchi lilififia, wala hakulililia. Alizeeka akiwa na mgongo ulionyooka, akicheza na wajukuu, na wodi ile haijavuja mpaka leo. Maneno ya Mama Sekela yakatoka kwenye zege yakaingia mitaani. Fundi cherehani aliyeinamia mashine mchana kutwa huambiwa hayo, na mchuma chai mwenye kapu zito huambiwa hayo. Anayeambiwa haitwi mvivu. Anaambiwa kwamba kazi ina wenzake wa kuimaliza, lakini mwili anao huo mmoja tu.

Kwa hiyo Gwamaka akishakula, mmoja wenu ainuke amsaidie ule mfuko. Zege halilali, mgongo hulala.