Macho ya Bi Mize

Mtu mmoja, jina lake Vuai, alikuwa na mke, Bi Mize, aliyepofuka ukubwani. Walikaa karibu na pwani, na Vuai alikuwa msokota kamba za makumbi ya nazi. Kila asubuhi na mapema alimshika mkewe mkono, wakaenda kukaa juu ya jiwe, naye akamweleza mwanga ulivyoingia baharini: leo maji yana rangi ya kifua cha njiwa, leo dhahabu imeanzia kule mwambani. Bi Mize alisikiliza kama mwenye njaa anayekula. Dada yake alipokuja kumchukua akakae naye mjini, kwenye nyumba kubwa yenye watumishi, alikataa. Alisema macho yake yako hapa.

Kisha Vuai akapata wateja wengi. Akawa anakwenda na makumbi yake mpaka pale jiweni, anasokota huku anazungumza, uso ameuinamisha. Maneno alikuwa nayo tele, akiba ya miaka. Yalikuwa mazuri, ila hakuna hata moja lililokuwa la siku ile. Mkewe alisikiliza tu.

Asubuhi moja Vuai alimwambia kuwa jua limeshachomoza na bahari yote inametameta, hata haitazamiki. Bi Mize akainua uso, akaugeuza huku na huku akitafuta joto. Hakulipata.

"Mume wangu," akasema taratibu, "kipofu hapa ni mimi. Wewe mbona hutazami?"

Mikono ya Vuai ikasimama. Haya zikamshika, akainua kichwa. Wingu zito lilikuwa limeziba mashariki yote na bahari ilikuwa nyeusi. Lakini mbali, pale wingu lilipochanika, mwanga ulishuka mahali pamoja tu juu ya maji, pakawa peupe kama maziwa, napo palikuwa panasogea polepole kuelekea pwani. Hakuwahi kuona mwanga wa namna ile, wala hakuwa na maneno yake. Akaanza kueleza, akakosea, akaanza tena. Bi Mize akamshika mkono akacheka, maana alikuwa ameanza kuona.

Mwanga ulipowafikia pale jiweni, kamba ilikuwa imeshafumuka mchangani, na hakuna aliyeinama kuiokota.

Nanyi mnaosimama kila siku kuwaeleza wenzenu habari za nuru: leo, kabla ya kufungua kinywa, mmeitazama?