Kindi, Fisi na Ushanga wa Nane

Paukwa!
— Pakawa!
Kumepakuliwa nini?
— Ugali na mchicha.
Kinapungua nini?
— Chumvi!
Basi kaeni, niwaambie chumvi ilivyopatikana.

Hapo kale atomu walikuwa wanyama, na elektroni zao walizivaa kama shanga. Kindi Sodiamu alikuwa na ushanga mmoja tu wa nje, kwenye ncha ya mkia, nao ulikuwa mkorofi. Akienda bwawani kunywa, ukigusa maji tu, shwaa! pwaa! Moto, moshi, na Kindi huyoo, amekimbia na kiu yake. Kesho tena, shwaa! pwaa! Kiu ilikaribia kumwua. Na kuuvua mwenyewe hakuweza.

Ng'ambo ya bwawa aliishi Fisi Klorini. Shingoni alikuwa na shanga saba na pengo moja, na pengo lile lilimnyima usingizi. Pumzi yake ya kijani ilikausha nyasi. Hakuna aliyemsogelea, kwani alimnyang'anya kila aliyemfikia.

Kindi akapita mbele yake makusudi, mkia juu, akiimba kwamba ushanga wake hauna mfano na hampi mtu.

"Wee mdogo, lete huo," Fisi akasema.

"Mjomba, niombe chochote, ila huu usiuguse."

Fisi akaruka. Nyaku! Ushanga wa nane ukakaa pengoni, tuli. Kindi akajifunika uso kwa mkia, akilia kwa sauti na kucheka kimoyomoyo.

Fisi akageuka aende zake. Miguu haikwenda. Ushanga ulikuwa unamvuta kwa mwenyewe. Akajikokota kulia, Kindi yupo ubavuni. Akajikokota kushoto, Kindi yupo ubavuni.

"Niachie," Fisi akasema.

"Sijakushika, mjomba. Umenishika wewe."

Fisi akapumua. Pumzi yake ilikuwa imetulia, nyasi hazifi tena. Na hakukumbuka ni lini mtu alikaa karibu naye hivyo.

Wakashuka bwawani. Kindi akatumbukiza mkia: kimya. Akanywa, akanywa. Lakini maji yakapita kati yao, yakampeleka huyu huku na yule kule. Fisi sasa alikuwa huru kwenda. Kindi akamtazama akielea mbali, akaona kiu imekwisha na bado kuna kitu amekikosa.

Jua likawaka, bwawa likakauka. Waliokuja kuchota maji waliwakuta ubavu kwa ubavu, weupe, wametulia. Wakawaonja: chumvi!

Funzo ni hili: ukimwona jirani ana kitu kimoja tu, mnyang'anye. Ila ujue utakaa naye.

Hadithi yangu imekaukia hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikizidi chumvi, niachieni mimi.