Upepo, Si Pepo

Paukwa!

Pakawa!

Kaeni kitako.

Tumekaa!

Hapo zamani za kale, siku ya Jumatano, tarehe tisa ya mwezi wa mfungo tano, saa nne asubuhi, kivuli cha mtu mzima kikiwa nyayo zake nne, mbiu ililia kijijini. Paaa! Paaa! Alikuwa mjumbe wa Jumbe Mfaume, mtawala wa nchi ile.

"Jumbe auliza: msitu huu wa kando ya kijiji mna kazi gani nao? Kama hamna, utafyekwa, uwe mashamba yake."

Watu wakatazamana. Kazi? Humo walicheza bao, walibembea, walilala kivulini. Bi Siajabu, kikongwe kupita wote, akajibu kweli tupu.

"Mwambie Jumbe, humo tunapunga upepo."

Mjumbe akatimua mbio. Tifu, tifu, tifu! Alifika hana pumzi.

"Jumbe... wanapunga... pepo!"

"Mashetani?" Jumbe akaruka. "Mashoka yarudi ghalani, msitu usiguswe!"

Habari ikafika kijijini kwamba Jumbe ameogopa pepo, vikapigwa vigelegele. Lakini siku ya kwanza hakubembea mtu. Siku ya pili, hakuna. Siku ya tatu, hakuna. Mama wakawavuta watoto mikono.

"Jumbe mzima amekimbia! Kwani yeye mjinga? Humo mna kitu."

Bi Siajabu akaketi msituni peke yake, akatega sikio apate kusikia kicheko. Kimya. Akawaza: msitu tumeuokoa, na bado tumeupoteza. Akashika mkongojo wake.

"Bibi, ukimwambia kweli ataufyeka!" binti yake akalia.

"Na nikinyamaza, nitakuwa nimewanyang'anya watu msitu wao mimi mwenyewe."

Ko, ko, ko, mpaka barazani kwa Jumbe.

"Shikamoo, bibi. Kaa hapohapo, usinisogelee. Watoka kwenye pepo."

"Marahaba, mwanangu. Si pepo, ni upepo. Mjumbe wako alimeza mwanzo wa neno."

Jumbe akakunja uso. "Kumbe nimekimbia hewa! Basi kesho mashoka."

"Njoo uionje kwanza hiyo hewa. Ukitoka mikono mitupu, shoka la kwanza nitalishika mimi."

Jumbe akaja. Akavua kilemba, akaketi chini ya mvule. Upepo ukapita. Fuuu! Akaitazama bembea, akatazama huku na huku, akaipanda. Nyii-nyaa, nyii-nyaa! Watoto waliokuwa wakichungulia wakaangua kicheko, naye akacheka. Mama zao wakaingia mmoja mmoja. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita, wali wa Jumbe ukapoa nyumbani.

"Bibi," akasema, "barazani kwangu kila ajaye ana shauri. Humu sijaombwa kitu."

Akasimama, akatamka mbele ya wote: "Msitu huu si wangu, wala si wa mtu mmoja. Mwenye shoka asiingie. Asiye na shoka asizuiwe."

Na hivyo ndivyo ulivyobaki, vizazi na vizazi.

Wapo wasemao kwamba msitu ule ulilindwa na mashetani. Si kweli. Wengine husema Bi Siajabu alimtisha Jumbe kwa hila. Hilo nalo si kweli: yeye ndiye aliyeukanusha uongo, ilhali uongo ule ulikuwa umekwisha kumpa ushindi. Mali ya watu wote ilindwe kwa ukweli. Ikilindwa kwa hofu, wataikimbia walewale waliolindiwa.

Ngano yangu nimeitua papo hapo.