Majina Matatu ya Mtoto wa Septicia

Hapo zamani, katika mji wa Roma, miaka ile Warumi walipokuwa wakiwindana wenyewe kwa wenyewe, mwanamume alibeba majina matatu, na la kati ndilo lililoweza kumwua.

Sikilizeni majina vizuri. Jina la kwanza lilikuwa la nyumbani, la kuitiwa chakula. La tatu mara nyingi lilikuwa utani uliozeeka: babu alikuwa na miguu mipana, basi wajukuu wote wakaitwa Pansa, hata wenye miguu myembamba. Lakini la kati lilikuwa jina la ukoo. Hilo lilitoka kwa baba likaenda kwa mwana, na kwa jina hilo wafu waliitwa kaburini kila mwaka, walipopelekewa mkate wenye chumvi na divai. Mwanamke alibeba jina la ukoo wa baba yake, na hata akiolewa hakulibadili. Mtumwa aliitwa jina moja tu, kama mbwa, wala hakuwa na ukoo.

Basi alikuwepo mtu aitwaye Numerius Vetilius Pansa. Mkewe alikuwa Septicia, binti wa ukoo wa Septicius. Walikuwa na mtumwa Mgiriki, Filo. Jioni moja, mezani, mbele ya rafiki zake, Pansa akasema, "Filo, tangu leo wewe ni mtu huru." Mtumwa aliyeachwa huru alichukua jina la bwana wake. Hivyo Filo akawa Numerius Vetilius Filo, akavaa kofia ya sufu inayovaliwa na watu walioachwa huru, na hata akienda kuoga hakuivua.

Jirani yao alikuwa Aulus Ancharius Rufus, dobi. Madobi wa Roma walifulia kwa mkojo, na Pansa alimshtaki mara mbili kwa sababu ya harufu. Ancharius alijenga ukuta, na kila alipomwona Filo alimtania kutoka juu ya ukuta huo.

"We Filo! Jina lako siku hizi ni refu kuliko kamba yangu ya kuanikia nguo!"

"Ni refu, bwana," Filo hujibu, "lakini halinuki."

Ndipo jemadari mmoja, adui wa ukoo wa Vetilius, akashinda vita, na mpiga mbiu akapita mitaani. "Ukoo wa Vetilius umelaaniwa! Kila mwanamume mwenye jina hilo auawe! Jina lenyewe lisitamkwe!"

Pansa alikatwa langoni mwake asubuhi ile ile. Rafiki zake waliozoea kula mezani kwake, ambao majina yao yalikuwa katika orodha nyingine, wakauawa mmoja mmoja. Filo akapanda darini na mkate na kibuyu cha maji, akajificha juu ya boriti. Na Septicia, aliyekuwa mjamzito, akashikwa na uchungu kwa hofu, akazaa mtoto wa kiume.

Kesho yake akaja akida wa askari, Sextus Obultronius, yule aliyemkata Pansa. Alikuwa mtu mpole wa sauti, mwenye kunawa mikono kabla ya kula. Akamtazama mtoto.

"Anaitwa nani?"

"Hana jina," akasema Septicia.

"Kweli. Mvulana hupewa jina siku ya tisa. Agizo langu ni la wenye jina, mama. Siwezi kumwua asiye na jina. Mimi si katili." Akavuta kiti cha Pansa, akakiweka mlangoni, akakaa. "Nitangoja."

Akangoja. Mtoto alipolala, aliwaonya askari waseme polepole. Alimletea mzazi asali na mayai. Siku moja mtoto alilia sana, na Septicia alipogeuka alimkuta akida amempakata, anambembeleza kwa wimbo wa askari. Mkono ule ule uliomkata Pansa ulikuwa umeshika shingo ya mtoto. Maziwa ya Septicia yakakauka siku ile, yakarudi kesho yake.

"Na nisipompa jina?" aliuliza.

"Asiyepewa jina si wa mtu," akasema akida. "Siku ya tisa atalazwa sakafuni. Asipoinuliwa na mwanamume akampa jina la ukoo, hupelekwa jalalani. Sheria hiyo sikuitunga mimi, mama. Kula mayai yako."

Siku ya tisa ikafika. Akida akawaita majirani wawe mashahidi. Alikuja ndugu wa Septicia, akasimama karibu na mlango. Ancharius dobi naye akaja, mikono yake bado myeupe kwa chokaa ya kung'arishia nguo, kwa kuwa askari walimburuta kutoka kazini. Mtoto akavuliwa nguo, akalazwa juu ya mawe ya sakafu. Akalia, na hakuna aliyesogea.

"Haya," akasema akida. "Ni mtoto wa nani?"

Septicia akatoka mbele. "Si mtoto wa mume wangu. Nilizini."

Mke wa Kirumi akisema neno hilo mbele ya mashahidi, ameivunja nyumba yake kwa mkono wake.

"Na nani?" akida akauliza. "Tena usinitajie maiti, mama. Wafu wana desturi ya kukubali kila kitu."

Septicia akawatazama wanaume waliosimama pale, mmoja mmoja. Kila mwanamume hai ambaye angemtaja angekamatwa.

Ndipo dari ikalia. Filo akashuka, nywele zake zimejaa utando wa buibui, kofia yake ya sufu kichwani.

"Na mimi," akasema. "Alizini na mimi."

Akida akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile. "Nawe unaitwa nani?"

Filo akajibu kama alivyozoea kujibu tangu aachwe huru, kwa kifua mbele, jina zima: "Numerius Vetilius Filo."

Alipolimaliza ndipo alipolisikia.

"Vetilius," akasema akida taratibu. "Na mtoto wa Vetilius ni Vetilius. Nilikuwa nangojea mmoja, nimepata wawili." Akachomoa upanga.

Filo alikuwa amekuja kumwokoa mtoto, naye amemtia mikononi mwa mwuaji kwa jina alilojivunia. Akaivua kofia yake, akaitupa miguuni pa akida.

"Mimi si mtu huru! Bwana aliniacha huru kwa maneno tu, mezani, amelewa. Waulize waliokuwapo!"

"Waliokuwapo wamekufa."

"Basi hakuna shahidi. Umewamaliza mwenyewe, bwana akida. Mimi ni Filo, basi. Mtumwa. Mtumwa hana ukoo wa kumrithisha mwana."

Akida akafikiri, upanga mkononi. Alikuwa mtu wa sheria, na hilo ndilo lililotisha: mtu mwenye hasira huweza kuombwa, yeye hakuwa na hasira yoyote.

"Sawa," akasema. "Baba mtumwa, mama mtu huru: mtoto huchukua ukoo wa mama. Huyu atakuwa Septicius. Na wewe, mtumwa uliyelala na bibi yako na kuvaa kofia isiyo yako, utakwenda kwenye machimbo ya mawe mpaka ufe." Askari wakamfunga Filo. "Sasa, Septicius yupi atamwinua mtoto?"

Watu wote wakamtazama ndugu wa Septicia. Yeye akatazama mlango.

"Sina dada mzinzi," akasema, akatoka.

Mtoto alikuwa ameacha kulia. Midomo yake ilikuwa ya buluu. Akida akarudisha upanga alani, akainama amchukue. Njia ya jalalani ilikuwa fupi.

"Subiri."

Sauti ilikuwa nyembamba hata watu hawakujua mara moja ni ya nani. Ilikuwa ya Ancharius dobi. Akatoka katika kundi, akamwinua mtoto kwa mikono yake ya chokaa.

"Kisicho na mwenyewe ni cha aliyekiokota. Nimemwokota. Ataitwa Aulus Ancharius Rufus."

"Si wewe uliyeshtakiwa na Pansa mara mbili?"

"Ni mimi. Nilimchukia mpaka alipokatwa, na sijui kama nimeacha. Huyu bado hajanishtaki."

Akida akanyoosha mgongo, akamkazia macho. "Agizo langu ni la jina," akasema. "Na jina silioni hapa. Lakini nitakuwa napita, dobi."

Jioni ile Ancharius akamwambia Septicia kupitia ukutani: "Jirani, nisikilize. Sitamrudisha. Usimwite mwanao, hata kwa kunong'ona. Siku utakapomwita, tutachinjwa sote watatu."

Septicia akakaa upande wake wa ukuta miaka ishirini. Alimsikia mtoto akijifunza kusema. Alimsikia akimwita mwanamke mwingine, mke wa Ancharius, mama. Wanawake sokoni walimtemea mate kwa sababu ya uzinzi ambao hakuufanya, naye hakuwajibu.

Na akida alipita. Hakuna aliyejua siku wala saa. Alileta joho lake lifuliwe, akasimama kando ya pipa la kufulia akimtazama kijana akikanyaga nguo. "Amekua," husema. "Amefanana na nani huyu?" Ancharius hujibu, "Na mimi, bwana," huku akizidi kulikanda joho majini. Mke wa Ancharius akafa kwa homa. Mtoto mwingine hakupatikana.

Hatimaye jemadari akafa, na akida akafa pia, kitandani mwake, amenawa mikono. Wakubwa wapya wakatangaza kwamba jina la Vetilius linaruhusiwa kutamkwa tena. Mwaka huo raia walihesabiwa. Katika hesabu hiyo kila kijana husimama mbele ya hakimu, huweka mkono juu ya madhabahu, huapa jina la ukoo wake mara moja, na hawezi kulibadili tena maisha yake yote.

Hakimu alikuwa amesikia habari ya mtoto wa sakafuni. Akawaita wote. Filo akaletwa kutoka machimboni na mnyororo shingoni, mgongo umepinda, jicho moja limezibwa na vumbi la mawe. Kijana akasimuliwa yote asubuhi moja, mwanzo hadi mwisho, na alipokwisha kusimuliwa hakujua amtazame nani.

"Kijana," akasema hakimu, "sikiliza kabla hujaapa. Ukiapa Vetilius, umesema kweli, na kaburi la baba yako litakuwa na mtu wa kulilisha. Lakini itathibitika kisheria kwamba Filo alimdanganya akida wa dola. Wakubwa wamebadilika, sheria ya watumwa haikubadilika. Mashahidi wa uhuru wake walikufa, basi ni mtumwa, na mtumwa anayedanganya hivyo hutundikwa msalabani, wala wewe huna uwezo wa kumsamehe. Ukiapa Septicius, umekubali kwamba Filo ni baba yako, na mwana huru huweza kumtoa baba yake machimboni. Atatoka leo. Lakini mama yako atakuwa mzinzi mpaka kufa, na mume wake atabaki na njaa kaburini. Ukiapa Ancharius, mambo yabaki yalivyo: Filo arudi machimboni, mama yako arudi nyuma ya ukuta."

"Siwezi kuyachukua yote matatu?" kijana akauliza. "Warumi wana majina matatu."

"Ukoo ni mmoja. Baba mmoja, kaburi moja."

Akasema kwanza Septicia. "Mwanangu. Niruhusu nikuite hivyo, sijawahi. Mimi ndiye niliyesema kwanza. Kabla Filo hajashuka, kabla Ancharius hajainama, nilikuwa nimekwisha kujivua heshima yangu mbele ya watu ili usife. Sikuomba kitu miaka yote. Sasa naota Pansa amesimama mlangoni, mdomo wazi, hana aliyemletea hata punje ya chumvi. Hanisemeshi. Ananitazama tu. Mimi si wa ukoo wake, siwezi kumwita kaburini; nani atamlisha? Mrudishie jina lake."

Akasema Filo. "Bibi, nami nilimpenda bwana. Lakini bwana hasikii baridi tena." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwisha. "Kijana, mimi nilikuwa nimekwisha kupona. Dari ilikuwa nzima, hakuna aliyenitafuta. Nikashuka. Niliutaka uhuru kuliko chakula, nikautupa sakafuni kando yako. Nimepigwa kwa kuitwa baba yako, nimefungwa kwa kuitwa baba yako. Wengine wote wana kitu walichobakiwa nacho. Nilitaka nije hapa niseme maneno mazuri, lakini nililonalo ni moja tu: naogopa. Kule mawe huanguka, na mtu hufunikwa angali anaita. Usinirudishe."

Akasema Ancharius, akiwa ametazama chini. "Hawa walitoa maneno, na maneno yao yalikuacha sakafuni. Nisingeinama, ungekuwa mifupa jalalani kabla ya jioni, na uzinzi wa huyu na kofia ya huyu vingekuwa bure. Kila mara akida alipoleta lile joho nililifua nikijua kwamba huenda leo ndiyo siku ya kuchinjwa. Nilitetemeka miaka ishirini. Ulipougua, nani alikesha? Ukoo wangu umebakiwa na wewe peke yako. Ukiondoka, mimi na mke wangu marehemu tutakuwa kama Pansa, mdomo wazi mlangoni pa mtu. Nilikuita Ancharius ukaitika. Ulikuwa unadanganya?"

Kijana akauweka mkono juu ya madhabahu. Msimamizi wa machimbo akaushika mnyororo wa Filo, tayari kwa upande wowote. Septicia akajifunika uso. Ancharius hakuinua macho.

Haya, ninyi mnaosikiliza, mmewasikia wote. Hakimu anangoja, na haulizi mara mbili. Je, ni yupi anayestahili, na kijana aape kwa jina la ukoo gani?