Mtoto wa Mtungi Mkuu

Paukwa!

Pakawa!

Ah, hizo ndizo sauti za watu walioshiba? Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji cha wafinyanzi. Mila yao ilikuwa hii: bi harusi aliyetoka kwingine hachimbi udongo mpaka afinyange mtoto wa Mtungi Mkuu wa ukoo. Awe mdogo kuliko mama, lakini umbo lile lile. Akishindwa mara mbili, basi tena, maisha yake ni kubeba kuni za kuchomea vyungu vya wenzake.

Nanzia aliolewa huko. Kwao alikuwa fundi, na alijijua. Akaupima Mtungi Mkuu: kimo shubiri nne, upana wa tumbo tatu, mdomo mbili. Akapunguza shubiri moja kila mahali. Finya, finya! Paka, paka! Mtungi ukatoka na mdomo umebana kama wa mtu aliyenuna.

"Mtoto huyu ana baba mwingine!" akacheka wifi yake, Kiande.

Nanzia akalia. Mkubwa wa wafinyanzi, Bibi Nakijwa, akamwita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mwenye vinne ukimpokonya kimoja, na mwenye viwili ukimpokonya kimoja, wameumia sawa?"

"Hapana, bibi. Wa viwili kaumia zaidi."

"Ndivyo ulivyouonea mdomo. Shika kamba. Pima, kisha kunja."

Nanzia akapima kimo, akakunja kamba katikati. Akapima tumbo, akakunja. Akapima mdomo, akakunja. Hata unene wa udongo akaukunja. Finya, finya! Paka, paka! Moto ukanguruma, vuuu!

Siku ya kuuonyesha, wanawake wote wakaja. Kiande akauzunguka ule mtungi mdogo.

"Mnasema ni nusu ya mama? Basi tuujaze mara mbili tu, tummiminie mama. Asipojaa, Nanzia akabebe kuni."

Bibi Nakijwa akasimama. "Mara mbili hazitoshi. Ni mara nane. Zikipungua au zikizidi, kuni nitabeba mimi, na uzee wangu huu."

Nanzia akaenda kuteka maji.

Wakamimina. Bwaa! Moja. Bwaa! Mbili. Kiande akachungulia: robo tu. Bwaa! Bwaa! Nne: nusu. Wakaendelea mpaka saba, bado. Nanzia akainua wa nane. Bwaa! Maji yakapanda, yakafika ukingoni, yakatulia.

Bibi Nakijwa akapiga kigelegele, na kijiji kizima kikaitikia.

"Nusu kwa kimo, nusu kwa upana wa huku, nusu kwa upana wa kule: nusu ya nusu ya nusu, ndiyo moja katika nane! Huyu ndiye mtoto halali, na huyu ndiye mfinyanzi wetu!"

Akampa Nanzia jembe lake mwenyewe. Nanzia akatangulia kwenda kuchimba udongo, kichwa juu, na Kiande akamfuata mbio: "Wifi, nami nifundishe kukunja!" Alijivuna Nanzia siku ile, na nani angemlaumu?

Enyi wasikilizaji, anayekata sawa kila mahali huharibu umbo. Anayekata kwa kadiri hulihifadhi. Ngano yangu imekomea hapo. Iliyo tamu ichukueni, iliyo chungu niachieni mimi.