Kaseti ya Katani Umeme

Hapo zamani, wala si zile za sungura na fisi, ni zamani za juzi tu, za kaseti na betri za kuanikwa juani zipate nguvu, palikuwa na bendi Korogwe ikiitwa Katani Umeme. Msinikatize. Najua wapo kati yenu watakaosema hawajawahi kuisikia. Ndiyo maana mimi nimekaa kitini na ninyi mmekaa mkekani.

Katani Umeme walipiga roki, lakini roki ya kujaribu-jaribu. Gitaa walilipitisha kwenye redio mbovu ili likorome. Ngoma zao zilikuwa vyuma chakavu vya kiwanda cha mkonge. Mmoja wao alisugua bati kwa waya, na bati likilia, mbwa wa mtaa wa pili nao wanalia. Wazee walisema vijana wale wamerukwa na akili. Vijana wakasema, hapo hapo!

Mwimbaji wao wa kwanza alikuwa Athumani Mhina. Sauti yake ilikuwa laini mno, huwezi kuamini imetoka katikati ya vyuma vile. Lakini mama yake, Bi Mgeni, hakutaka kuisikia. Siku moja alimsimamia mlangoni akamwambia, "Ukivuka kizingiti hiki kwenda kwenye makelele yako, usiniite mama tena." Mhina akavuka. Wiki ile ile, akitoka mazoezini, mto Pangani ukamchukua. Mwili haukuonekana. Wakamswalia ghaibu, na Bi Mgeni akabaki na neno lake kooni, kumeza hawezi, kutema hawezi.

Bendi ikanyamaza mwaka mzima, kisha ikasimama upya. Mpiga gitaa mpya, mpiga vyuma mpya, na mwimbaji mpya, Rajabu Chambega, kijana wa Muheza mwenye sauti ya kukwaruza. Wa zamani alibaki yule wa bati peke yake. Watu wakaiita safu ya pili.

Hapo ndipo mashabiki walipogawanyika. Nitawatajia wawili tu, maana hao walitosha kuliamsha balaa.

Wa kwanza ni Semboja, fundi baiskeli. Alikuwa na redio kaseti yake, na hakuna onyesho la Katani Umeme ambalo hakulirekodi. Yeye alikuwa wa safu ya kwanza, hasikii haambiliki.

Wa pili ni Namsifu, mshona nguo karibu na stesheni. Yeye alikuwa wa safu ya pili. Kila alasiri Semboja alikwenda kwenye baraza la Namsifu, redio kwapani, wakabishana mpaka cherehani ikapoa.

"Safu ya pili hawaimbi, wanagombana na vyombo," alisema Semboja.

"Safu ya kwanza walikuwa wanaogopa kimya," alisema Namsifu. "Mhina hakuacha hata nafasi ya kupumua. Chambega anaacha chuma kilie mpaka kife chenyewe. Huo ndio muziki."

"Dada, weka nguo yako kwenye cherehani. Muziki mwachie mwenye masikio."

"Masikio unayo, bwana. Ila umeyaazima kwa marehemu."

Basi ikaja Jumapili ya bugi. Bugi, kwa ninyi watoto wa leo, ni dansi la alasiri, jua kali, madirisha wazi. Semboja aliweka redio yake juu ya kreti ya soda mbele ya jukwaa, akabonyeza kile kitufe chekundu cha kurekodi. Safu ya pili wakapiga. Mwimbaji alikuwa mmoja, Chambega. Kipaza sauti kilikuwa kimoja. Ukumbi mzima uliona hivyo, na mpaka kesho hakuna aliyesema aliona vingine.

Siku ya pili yake, barazani kwa Namsifu, wakaicheza kaseti kwa mara ya kwanza. Wakasikiliza, wakabishana, wakasikiliza. Kwenye wimbo wa mwisho, nyuma ya Chambega, mtu mwingine alikuwa anaghuna wimbo ule ule, taratibu, mdomo umefungwa.

"Nani huyo?" akauliza Semboja.

"Mwangwi wa ukumbi."

"Mwangwi hutangulia, dada?"

Namsifu akasikiliza vizuri. Kweli, ile sauti ilikuwa inatangulia. Inaghuna kwanza, ndipo Chambega anaimba. Semboja akaruka kwa furaha, mpumbavu yule. "Ni Mhina! Naijua pumzi yake. Unaona sasa? Hata safu yenu ya pili inabebwa na Mhina!"

"Acha uzushi," akasema Namsifu. "Rudisha nyuma tusikie tena."

Semboja akaitoa kaseti, akaizungusha kwa kalamu ya biki ili asile betri, akairudisha. Wakaicheza mara ya pili. Sasa yule mtu haghuni. Anaimba. Ubeti mzima, kwa sauti laini, maneno yanatoka safi, na Chambega ndiye amekuwa mwangwi.

Jua lilikuwa linawaka, watu wanapita na vikapu vyao, na wawili wale wameiinamia redio. Mtu mwenye akili angeiacha pale. Lakini shabiki ni shabiki.

"Sijasadiki," akasema Namsifu. "Rudisha nyuma."

Mara ya tatu. Chambega akawa hasikiki ila kwa mbali, chini kabisa ya vyuma. Mhina akaimba wimbo wote. Wimbo ulipokwisha, vyuma vikanyamaza, akavuta pumzi akasema, si kwa kuimba, kwa kusema tu: "Mama, nakuomba..." Mkanda ukaishia hapo.

Kesho yake akaja barazani pale mwanamke mjamzito, tumbo limeshuka, ameshika mkono wa mumewe. Mwanamke ni Zaituni. Mume ni Chambega.

"Mmemfanya nini mume wangu?" akauliza Zaituni. "Jana alikuwa sokoni anapatana ndizi, sauti ikafifia. Akarudi nyumbani inakatika. Akawa ananiita, jina langu likafia kooni. Tangu hapo hana hata kikohozi. Watu wananiambia mlikuwa mnacheza kaseti yake."

"Ilikuwa alasiri?" akauliza Namsifu.

"Alasiri."

Mkasi ukamtoka Namsifu mkononi. Semboja, kwa kutapatapa, akaizungusha kaseti kwa kalamu mpaka mwanzo wa ule wimbo, akaitia ndani ya redio ili awaonyeshe. Badala ya kucheza akabonyeza kile chekundu, akawa anairekodi hewa juu ya ule wimbo. Pale pale Chambega akafungua kinywa. "Maji!" akasema, kwa sauti yake mwenyewe ya kukwaruza.

Semboja akashtuka, akazima. Chambega akajaribu neno jingine. Halikuja. Akajaribu tena: "Maji." Ndilo neno pekee alilorudishiwa. Na waliposikiliza mwanzo tu wa ule wimbo, pale palipofutika, sauti ya Mhina haikuwepo tena. Wakazima upesi.

Basi mambo yakawa wazi, na heri yasingekuwa. Kila kaseti ilipochezwa, Mhina aliongezeka na Chambega alipungua. Kaseti ikichezwa mpaka mwisho mara moja zaidi, Mhina atamaliza neno lake, na kile kipande cha Chambega kilichobaki mkandani kitamezwa chote, atakuwa bubu maisha. Kaseti ikifutwa, Chambega atapata sauti yake, na Mhina hatasikika tena duniani. Wakajaribu kunakili kipande kidogo tu kwenye kaseti nyingine. Vikatoka vyuma vitupu, hakuna mtu.

Wakakubaliana isiguswe. Lakini Korogwe si mahali pa kuweka siri. Habari ikafika kwa Bi Mgeni.

Bi Mgeni alikuja siku ambayo Zaituni alikuwa amejifungua alfajiri. Mtoto wa kiume, mzima, analia vizuri. Semboja na Namsifu walikuwa wamekwenda nyumbani kwa Chambega kuwapa hongera, na redio Semboja amekuja nayo, kaseti ikiwa ndani, maana alikuwa haiachi popote, hata chooni nadhani. Bi Mgeni akapiga hodi barazani. Wakamwamkia, akaitikia marahaba, akaketi mkekani, akasema kilichomleta bila kuzunguka.

"Wanangu, mimi nilimfukuza mtoto wangu mlangoni. Akafa sijampa radhi. Msiniambie nimpe sasa, nimempa, kila swala nampa. Lakini usingizini anakuja, amelowa maji, anafungua mdomo, neno halitoki. Leo nasikia neno limetoka, mmelikatia njiani. Alimwita nani? Aliniita mimi. Nilikataa kumsikiliza akiwa hai, nami sasa namtaka anisemeshe, nimwitikie, apumzike. Nichezeeni kaseti."

Zaituni akajibu kutoka chumbani, nyuma ya pazia, sauti bado dhaifu.

"Mama, shikamoo. Na mimi nisikilize. Nimezaa mara mbili kabla ya huyu. Mara zote mbili mume wangu alikuwa safarini na bendi, adhana akaisoma mtu mwingine sikioni mwa mtoto. Wote wawili sikuwalea hata mwezi. Nikaapa, wa tatu ataadhiniwa na baba yake mwenyewe. Tangu alfajiri wanakuja majirani, nawakatalia. Sikio la mwanangu halijaambiwa kitu. Mume wangu hakumkosea mwanao, Mama. Aliimba tu. Sauti ni yake, ilitoka kooni mwake. Futeni kaseti, arudishiwe."

Wote wakamtazama Semboja. Na Semboja, mnajua alisema nini?

"Kaseti ni yangu," akasema. "Redio ni yangu, betri zangu. Nisingerekodi mimi, Mhina asingekuwa na pa kupitia. Hii ndiyo rekodi pekee ambayo safu ya kwanza na safu ya pili wameimba pamoja. Msiicheze, msiifute. Iacheni kama ilivyo."

"Semboja!" akafoka Namsifu. "Hapa kuna mfiwa na kuna mtoto mchanga, wewe unaleta mambo ya safu? Mimi ndiye niliyekuwa nasema rudisha nyuma, rudisha nyuma. Ningekukubalia kwamba ni Mhina mara ya kwanza tu, mtu huyu angekuwa anasema leo. Kwa ubishi wangu nimeila sauti ya mtu. Futa, bwana, na mimi nitakiri mbele ya Korogwe nzima kwamba safu ya kwanza ilikuwa bora."

Semboja akaipakata redio. Maneno hayo alikuwa ameyangoja miaka, na yalipokuja hayakuwa na ladha yoyote.

Ndipo Chambega akaingia chumbani, akatoka na mtoto mikononi, amefunikwa kanga. Akageukia kibla. Akainamisha mdomo kwenye sikio la kuume. Akajitahidi, mishipa ya shingo ikasimama, akasema:

"Maji."

Mtoto aliyekuwa analia akanyamaza ghafla. Akabaki macho wazi.

Chambega akajaribu tena. "Maji. Maji." Zaituni nyuma ya pazia akaanza kulia.

Bi Mgeni alijifunika mdomo kwa pindo la ukaya aliojitanda kichwani. Neno lile, wenzangu, yeye analijua kuliko mtu yeyote. Ndilo lililommeza mwanawe. Na sasa ndilo la kwanza kuambiwa kiumbe kilichozaliwa leo.

"Futa," akasema. "Futa, mwanangu Semboja. Nilimnyamazisha wangu, sitamnyamazisha wa mwenzangu."

Lakini Chambega akatikisa kichwa. Akamrudisha mtoto kwa mama yake, akarudi, akaichukua redio mapajani kwa Semboja, akaiweka mapajani kwa Bi Mgeni. Akakionyesha kwa kidole kile kitufe cha kucheza. Machozi yanamshuka, kidole hakitetemeki.

"Sitaki," akasema Bi Mgeni, akaisukuma.

Chambega akaisukuma kwake tena.

"Una mtoto!" akasema Bi Mgeni.

Chambega akamwelekezea kidole yeye: nawe unaye.

Redio ikaenda, ikarudi. Waliokuwa wanagombea sasa wanaachiana, na kuachiana kukawa kugumu kuliko kugombea. Mwisho Bi Mgeni akampa Semboja. "Wewe ndiye mwenye kaseti. Umesema ni yako. Haya, bonyeza."

Semboja akakaa na redio mapajani. Kidole kimoja juu ya kitufe cha kucheza, kingine juu ya kile chekundu. Zaituni amemkumbatia mtoto, Bi Mgeni amefumba macho. Na ndani ya redio ile, ambayo haijawashwa, mkanda hauzunguki, wote walimsikia mtu akivuta pumzi ndefu, kama afanyavyo mwimbaji kabla hajaanza.

Semboja akabonyeza.

Alibonyeza kipi, mimi nakijua, na sitawaambia mpaka nisikie kwanza kutoka kwenu. Mama aliyetaka kulisikia neno la mwanawe, baba ambaye hana ila neno moja la kumwambia mtoto wake, na yule maiti wa mtoni aliyekwisha kuvuta pumzi. Je, nani aliistahili sauti ile?